Nilivyowaajiri Waogiek bila kushusha viwango

Nilipokabidhiwa kazi ya kusimamia uajiri katika kaunti yetu nchini Kenya, niliambiwa mambo mawili: Waogiek, jamii asilia ya wawindaji na wakusanyaji wa msituni, hawaombi kazi, na nikiwataka nishushe viwango. Yote mawili ni uongo, na hadi leo yananikera.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziende kwa wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti. Mwaka wa kwanza tuliivuka asilimia hiyo, na Muogiek hakuwemo hata mmoja. Nilirudia kuhesabu fomu moja moja ndipo nikaelewa. Orodha ya makabila kwenye fomu haikuwa na Ogiek, kwa hiyo wao waliweka alama kwa Kalenjin au Maasai. Isitoshe, hiyo asilimia 30 ilijazwa na makabila makubwa ya nchi ambayo ni wachache kwetu tu. Katiba, kifungu cha 56, inataka jamii zilizotengwa zipewe fursa maalum za ajira, na cha 260 kinazihesabu humo jamii asilia za uwindaji na ukusanyaji. Nikafuta orodha, nikaacha mstari mtupu mtu ajiandike mwenyewe. Hesabu ya Waogiek nikaitenga na ile ya asilimia 30.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa vyeti. Tangazo letu lilidai cheti cha tabia njema cha polisi (shilingi 1,050), cha KRA (mamlaka ya kodi), HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na cha kuonyesha hali ya madeni, vyote siku ya kuomba. Ongeza nauli ya kutoka msitu wa Mau hadi mjini mara mbili tatu, ni maelfu kabla hujaitwa hata usaili. Tangu Sheria ya Ajira irekebishwe mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kudai vyeti hivyo mpaka awe amekusudia kumwajiri mtu. Sisi tulikuwa tunanakili tangazo la zamani. Nikafuta mistari mitano. Alama za mtihani na ujuzi sikuzigusa.

Fomu za karatasi nilizipeleka kwa chifu, na tangazo likasomwa barazani na redioni kwa lugha yao. Kila fomu iwe na kipande chenye namba ambacho mwombaji anabaki nacho, na daftari la kupokelea litiwe saini. Bila hayo fomu hupotea njiani na huna pa kuulizia.

Barua ya chifu peke yake haitoshi kuthibitisha jamii. Mara ya kwanza ilileta watu wasiojulikana na wazee wowote wa Ogiek. Sasa tunataka wazee watatu wa koo tofauti, na majina hubandikwa siku saba watu wapinge.

Ofisini, jina "Dorobo" ambalo wengine huwaita Waogiek nililikataza kwa waraka. Limetokana na neno la Kimaasai la maskini wasio na ng'ombe, na mtu hawezi kuitwa hivyo na msimamizi wake kisha atulie kazini. Usiwapange wote ulinzi wa msitu pia. Wamo makarani na walimu wa chekechea.

Wa kwanza wawili waliacha kazi kabla ya mwezi wa tatu kwa sababu ya kodi ya nyumba: waliripoti tarehe 20, orodha ya mishahara ikiwa imefungwa, wakakaa karibu miezi miwili bila senti. Siku hizi namba ya KRA, akaunti ya benki na usajili wa SHA (bima ya afya ya serikali) tunavimaliza siku ya kutoa barua, na kuripoti ni tarehe 1.