Jinsi maonyesho ya magari ya zamani yalivyoifufua Pijo yangu 404

Ukitaka kulijua gari la zamani, liwahi asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ndiyo maana nikienda kwenye maonyesho huamka saa kumi na moja alfajiri, hata kama geti linafunguliwa saa tatu. Mchana magari yote ni mazuri. Yameoshwa, yamepigwa nta, boneti ziko juu, na wenyewe wamekaa kwenye viti vya kukunja wakipokea sifa. Ukweli uko pale yanaposhushwa kwenye matrela na kupigwa stata. Lipo linaloitika mara moja. Lipo linalotoa moshi wa bluu mpaka mwenyewe anajifanya anatafuta kitu kwenye buti. Na lipo linalosukumwa na watu wanne hadi kwenye mstari wake, halafu kutwa nzima linameremeta kana kwamba limekuja lenyewe.

Mimi si fundi. Ni mhasibu wa Moshi niliyerithi Pijo 404 kutoka kwa baba mkubwa, ambayo ilikaa miaka mingi chini ya mparachichi ikiwa makazi ya kuku. Sikuwa na pesa ya kuipeleka kwa mtaalamu wa nje, na vijana wengi wa gereji za siku hizi hawajawahi kugusa gari ambalo gia zake zinabadilishwa kwenye shina la usukani. Kwa hiyo nikaamua kutumia maonyesho kama darasa. Nitaeleza nilivyofanya, maana vijana wengi huniuliza nilijifunzia wapi.

Kwanza niseme kwa nini nilihangaika na 404 badala ya kuuza chuma chakavu. Gari hili lilichorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni magari, likaanza kuuzwa mwaka 1960, na likashinda mbio za magari za Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell pembeni yake. Ndugu zetu Wakenya huisimulia Safari kama mali ya nyumbani kwao peke yao, nami huwakumbusha kwa upole kwamba enzi hizo iliitwa Safari ya Afrika Mashariki, na mshindi alirudi Dar.

Basi, Pijo yetu iliwaka. Tulisafisha tangi, tukabadilisha mipira ya breki, tukafua kabureta ya Solex, ikaunguruma. Tatizo likawa kuchemsha. Barabara ya tambarare ya kwenda Himo haikuwa na neno, lakini ukianza kupanda Marangu mshale unapanda nao. Fundi wa kwanza akasema rejeta imeziba, tukaifungua na kuizibua. Wa pili akasema gasketi ya silinda hedi. Wa tatu akashauri tutoe thamostati kabisa, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, ushauri ambao kila mwenye gari Tanzania ameshapewa angalau mara moja. Pesa ikaisha, Pijo ikaendelea kuchemsha.

Maonyesho niliyoyategemea zaidi ni Concours d'Elegance ya Nairobi. Huandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo tangu mwaka 1970, na kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwa kawaida mwezi wa Septemba. Kutoka Moshi unapanda basi la kupitia Arusha na Namanga. Mimi hulala kwa binamu yangu kule Lang'ata, hivyo gharama kubwa ni nauli na kiingilio. Beba sweta kwa ajili ya asubuhi na kofia kwa ajili ya saa saba, maana jua la uwanjani pale halina mzaha.

Pale magari hayashindani mbio. Majaji wanapita na karatasi zao wakikagua bodi, ndani, injini, hata chini ya gari, na kila uchafu au kutu unakula alama. Nilimwona mama mmoja wa makamo amepiga magoti mbele ya Mercedes ya mume wake, anasafisha grili kwa vijiti vya pamba vya masikioni, tundu moja baada ya jingine. Mume anamwelekeza: "Hapo bado, mama, hapo kando." Akamjibu bila kugeuka, "Kama wajua sana, kuja upige magoti wewe." Tuliokuwa karibu tulicheka sana.

Mtu anayekwenda mara ya kwanza hukimbilia magari ya thamani kubwa. Mimi nakushauri utafute gari linalofanana na lako na ukae hapohapo. Na usiulize bei. Bei inamfanya mwenye gari akuone mnunuzi au mwizi, yote mawili yanamfunga mdomo. Uliza ugonjwa: "Hili linakusumbua wapi?" Sijapata kuona mwenye gari la zamani anayekataa kujibu swali hilo. Piga picha za vitu ambavyo hakuna anayevipiga: waya zinapita wapi, kibanio gani kimeshika paipu ya petroli, boliti zina kichwa cha aina gani. Omba ruhusa kwanza. Angalia pia boksi lililotandikwa chini ya injini. Wenyewe hulitandika wasichafue nyasi, lakini ni kama cheti cha daktari kilichoachwa wazi mezani: tone jeusi ni oili ya injini, tone lenye harufu kali na uzito ni la gia au difu, na tone la maji ya rangi linatoka kwenye rejeta.

Pijo 404 niliyoipata ilikuwa nyeupe, na mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi, Mnairobi wa kuzaliwa, amevaa koti la zamani la fundi. Nikamwamkia. Akaniitikia marahaba, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Moshi, na kwamba yangu inachemsha mlimani, hakuuliza kitu kuhusu rejeta.

"Feni yako inashika?" akasema.

Nikamwambia feni ipo, haijavunjika.

"Sijauliza kama iko. Nimeuliza, inashika?"

Akafungua boneti, akaniita niiname. Kumbe feni ya 404 haizunguki muda wote. Puli yake ina sumaku ya umeme. Maji yakiwa ya baridi, feni imeachiwa, inajizungukia kivivu tu. Maji yakipata moto, swichi iliyopo kwenye mfumo wa kupoza inapeleka umeme kwenye sumaku, sumaku inaivuta feni, na kuanzia hapo inazunguka pamoja na puli. Wafaransa waliweka kitu hicho ili injini isipoteze nguvu bure. Umeme unaingia kwenye puli kupitia kipande kidogo cha kaboni, mfano wa kile cha kwenye stata au dainamo, na kikilika au waya wake ukikatika, feni haitashika kamwe. Kwa macho itaonekana nzima. Kwenye tambarare upepo wa mwendo unatosha kupoza, kwa hiyo hutagundua. Mlimani, gia ya pili, mwendo mdogo, hapo ndipo utaona mvuke.

Alinionyesha yake ikifanya kazi. Tuliiacha injini iungurume huku tukipiga soga, mpaka ikasikika "tak", na upepo ukanipiga usoni. Mafundi watatu, gasketi mbili, na hakuna aliyewahi kusimama mbele ya gari lile akasubiri kuisikia hiyo "tak". Nikiri sikuwaonea huruma mafundi wale katika mawazo yangu siku ile, ingawa nao wangeiona wapi feni ya namna hiyo?

Niliporudi Moshi nilifungua kishikio cha ile kaboni ya feni. Kaboni ilikuwa imelika yote, waya umeota kutu ya kijani. Nilichukua kaboni ya stata ya gari jingine, nikaisugua kwa msasa mpaka ikaingia, nikasafisha uso wa shaba inapogusa. Siku hiyohiyo nikapanda Marangu hadi juu bila kusimama.

Maonyesho ya kusimama hayafundishi kila kitu, lakini. Gari la Concours linafundisha lilivyotakiwa kuwa. Namna ya kuliweka hai njiani nilijifunza kwenye East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani zilizoanza mwaka 2003. Huko utakuta Ford Escort, Datsun 240Z na Porsche 911 zikipigwa mawe kwelikweli. Björn Waldegård, bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rali mwaka 1979, alishinda mbio hizi mwaka 2011 akiwa na Porsche 911, mwanawe Mathias akiwa msomaji ramani wake. Mwaka mmoja njia ilipopita upande wa Taita nilivuka Holili na Taveta kwenda kuziona. Wenzangu walikaa kwenye kona ya vumbi kusubiri magari yaruke. Mimi nilikaa mahali mafundi wanapongojea. Gari likiingia, wanakimbilia chini yake kabla halijatulia vizuri; mmoja anapita boliti moja moja na spana, hafungui kitu, anakagua tu iliyolegea. Nimeichukua tabia hiyo. Kila nikitoka barabara ya vumbi, nazungukia boliti za shokapu na za springi kabla sijanawa mikono.

Spea ni mtihani mwingine. Nilipokwenda kumtembelea mpwa wangu kule Southampton, Uingereza, nilimwomba anipeleke Beaulieu, ambako kila Septemba tangu mwaka 1967 hufanyika gulio la spea za magari ya zamani karibu na jumba la makumbusho ya magari. Ni gulio kweli, kama la kwetu, isipokuwa badala ya ndizi na mitumba watu wametandaza makabureta, taa, vikombe vya magurudumu na masanduku ya boliti kwenye nyasi. Ushauri wangu hapa ni mfupi: nenda na kitu chako cha zamani mkononi. Mimi nilikwenda na kifuniko cha distributa kilichopasuka, na mchuuzi hakuhitaji Kiingereza changu. Alikiangalia, akazamisha mkono ndani ya boksi, akatoa kingine. Bei ya asubuhi si bei ya jioni, anapofikiria kupakia tena mizigo yote ile kwenye gari.

Mwaka uliofuata nikaamua Pijo iende Nairobi yenyewe. Siyo kushindana, kwa sababu sakafu ya upande wa abiria ina kiraka ambacho jaji yeyote angekiona akiwa amefumba macho. Nilitaka kwenda nayo tu. Maandalizi ya barabarani yalikuwa madogo kuliko ya makaratasi: kadi ya gari, kibali cha kuliingiza Kenya kwa muda, na Kadi ya Njano ya COMESA kwa ajili ya bima. Pale Namanga ofisa kijana alilizunguka gari, akauliza kama kweli limetoka Moshi kwa magurudumu yake, kisha akawaita wenzake wawili waje waone gia za kwenye usukani. Tulichelewa kwa picha kuliko kwa mihuri.

Kule uwanjani nililiegesha kwenye maegesho ya watazamaji, katikati ya Probox na Subaru. Nilipotoka kununua chai na kurudi nikakuta watu wamelizunguka. Yule mzee wa 404 nyeupe sikumwona mwaka huo, ila kijana mmoja wa Nakuru aliyerithi 404 ya babu yake alikuwapo, na ya kwake inachemsha. Nikamwuliza kama feni inashika. Akasema feni ipo, mzee, haijavunjika. Nikafungua boneti, nikawasha injini, nikamwambia asimame mbele asubiri.

Kwenye droo ya dashibodi huwa natembea na kaboni za akiba zilizokwisha kusuguliwa kwa kipimo. Nilimpa mbili. Naye ana mjomba mwenye kioo kizima cha mbele na mpira wake, na huo mpira wa kioo ndio ninaoutafuta sasa, kwa sababu mvua ya masika ikipiga maji yanaingia moja kwa moja kwenye magoti ya abiria, na mke wangu amekataa kupanda mpaka nimeupata.