Siku tatu kwenye shamba la ujamaa ng'ambo ya Busisi

Kikundi hiki cha upande wa Sengerema kilianza kwa hiari, kabla ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliyohamisha watu kwa nguvu. Naamini ndiyo maana kimedumu. Waliolima pamoja kwa kuamriwa waliliacha shamba la pamoja mara msukumo ulipolegea. Hawa walikuwa wamechaguana. Ukienda kwao, basi, unaingia kwenye ratiba ya watu wenye kazi. Wasikubadilishie kitu.

Nilianza na simu kwa katibu wiki tatu kabla. Nilimweleza tuko wawili, tutakaa siku tatu, na tungependa kufanya kazi. Wageni wakizidi watatu wanakuwa mzigo kwa jiko. Niliomba tarehe ya mwanzoni mwa Januari kwa sababu pamba iliyopandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba huwa inapunguziwa miche, na hiyo ni kazi ambayo mgeni anaweza kuisaidia kweli. Palizi ya jembe la mkono tuliiogopa: asiyezoea hutoka malengelenge ndani ya saa moja tu, na hukata miche bila kujua.

Kutoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, tulipita Usagara hadi daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Siku za kusubiri kivuko zimekwisha, ila usichelewe: bodaboda za kuingia vijijini hupungua giza likikaribia, na mvua ikinyesha njia za udongo mweusi hazipitiki. Kwanza tuliripoti kwa mtendaji wa kijiji na vitambulisho. Ukiruka hatua hii, anayeulizwa baadaye ni mwenyeji wako.

Sukari kilo tano, chumvi na miche miwili ya sabuni tulimkabidhi mtunza stoo, akaandika daftarini. Usimpe mtu mmoja mmoja zawadi. Mali hapa huingia kwa mlango mmoja, na mgeni anayegawa pembeni huacha maneno nyuma yake.

Salamu ya asubuhi kwa Kisukuma ni "mwangaluka", mchana "mwadila". Mama mtu mzima ni "mayu". Saa kumi na mbili tuko shambani. Mistari imeachana sentimita 60, shimo hadi shimo 30, na kila shimo hubaki na miche miwili yenye afya. Ng'oa miche ya ziada udongo ukiwa na unyevu. Bana ardhi kwa vidole vya mkono mmoja kuzunguka miche inayobaki, halafu vuta ule dhaifu taratibu kwa mkono mwingine. Ukivuta udongo ukiwa mkavu, mizizi iliyoshikana hutoka yote, na shimo linabaki tupu msimu mzima. Saa tano jua likiwa kali kazi husimama, chai na michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) vinaletwa.

Daftari la mahudhurio ndilo moyo wa mahali hapa, kwani mgawo wa mavuno hufuata siku ulizofanya kazi. Niliomba kuliona siku ya pili jioni, baada ya kufanya kazi nao. Siku ya kwanza ingeonekana ukaguzi. Picha nazo niliomba ruhusa ya mkutano, si ya mtu mmoja.

Jambo linalowaponza wageni wa mjini ni Ziwa Victoria. Minyoo ya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi penye magugu na kupenya ngozi, hata ukisimama tu kufua. Tulioga maji ya kisima. Siku pampu ilipogoma tulitumia maji ya ziwa yaliyokuwa yamekaa siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko, bila konokono ndani. Ukishagusa maji ya ufukweni, pima baada ya wiki sita hadi nane, si mara urudipo: prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, ile michanga huiacha.