Siku moja, vichwa 36

Saa 10:50 alfajiri

Naamka kabla simu haijalia, na si kwa kupenda alfajiri. Kuna mtoto mmoja wa hema la tano. Jana wenzake walipokwenda kupiga mswaki alibaki nyuma, akanivuta shati, akaninong'oneza jambo ambalo mzazi wake alikuwa ameshaliandika kwenye fomu. Tukakubaliana nije kabla hakujapambazuka na kumgusa mguu, naye atoke kama mtu anayekwenda chooni.

Nagusa mguu, anatoka. Mfuko wake wa kulalia umelowa kuanzia kiunoni. Nimekuja na mwingine wa kijani kilekile, wenye zipu upande uleule, kwa sababu watoto wa miaka kumi wanaona kila kitu na wanauliza kila kitu. Suruali kavu hii hapa, kitambaa hiki hapa. Dakika sita zinatosha. Anarudi kulala, mimi naondoka na furushi la kufua. Nimepitia mafunzo mengi ya kamba, makasia na huduma ya kwanza, na hakuna hata moja lililonifundisha kuweka akiba ya mifuko inayofanana. Niliambiwa na mpishi wa kambi.

Wageni wangu wiki hii ni wanafunzi 36 wa darasa la tano, mahema tisa, wanne wanne. Leo ni siku ya pili kati ya tatu. Ya kwanza huishia kwenye maelezo, ya tatu kwenye kufungasha na kutafuta soksi, kwa hiyo kambi yenyewe ni leo.

Saa 12:30 asubuhi

Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alipopiga kambi yake ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwaamsha wavulana wake kwa kupuliza pembe ya tandala. Mimi nina sufuria na mwiko. Matokeo ni yaleyale.

Kabla ya kuvaa, kila mmoja anakung'uta viatu vyake, kwani usiku wadudu hupenda nyumba yenye giza na joto. Leo chura mdogo ametoka kwenye kiatu cha kwanza kukung'utwa, na ghafla hakuna anayehitaji kukumbushwa.

Kisha hesabu ya kwanza. Kila mtoto ana namba yake na anaitaja kwa sauti, moja hadi 36. Namba 17 huchelewa daima, na 18 keshazoea kumpiga kiwiko. Zimetimia.

Saa 2:00 asubuhi

Ukuta wa kupandia. Una mita nane tu, lakini uusimamie chini ukiwa na kimo cha mtoto, uangalie juu, utaelewa kwa nini kelele zinapungua.

Naanza na kamba yenyewe. Ina ala kwa nje na kiini ndani, na kiini ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mzigo. Ukiikanyaga, chembe za mchanga zinapenya kwenye ala na kuanza kusaga nyuzi za ndani, na kwa macho huoni kitu. Ndiyo maana hapa kwetu anayekanyaga kamba anaiomba radhi kwa sauti: "Samahani, kamba!" Wanacheka, na baada ya robo saa hakuna anayeikanyaga tena isipokuwa wale wanaofanya makusudi ili waombe radhi.

Halafu fundo la nane, lenye umbo la tarakimu 8. Unalifunga mara moja, unapitisha ncha kwenye mkanda wa kiunoni, kisha unairudisha ikifuata njia yake ileile kinyumenyume. Fundo likikaa sawa, kamba hutembea mbili mbili kama watoto kwenye mstari, na ukizihesabu jozi unapata tano. Zikiwa nne umeruka mahali. Baada ya hapo unabana karabina, ile pete ya kuunganishia yenye mlango, unafunga kifuniko chake cha kuzungusha, unaifinya uone kama itafunguka. Anayeshika kamba chini ana sheria moja asiyoivunja hata nyuki akimtua puani: mkono wa breki, ule unaoizuia kamba isikimbie, hauachii kamba.

Msichana mmoja anakataa kupanda. Halii, halalamiki, anasema tu, "Mwalimu, mimi sipandi." Wenzake wanaanza mara moja: "Unaweza! Unaweza! Unaweza!" Wimbo huo siupendi hata kidogo. Watoto wanaimbiwa sana, lakini aliye ukutani na anayetetemeka miguu hausikii kama moyo anaopewa, anausikia kama deni. Nilikuwa nikiuongoza mimi mwenyewe miaka ya nyuma, mpaka siku nilipomshangilia mvulana akafika juu, akashuka, akakataa kunisemesha hadi basi lao linaondoka.

Kwa hiyo nawanyamazisha na kumuuliza anataka kufanya nini badala yake. Anafikiri. "Nataka kukagua."

Basi akague. Kwa saa moja na nusu kila anayekwenda ukutani anapita kwake kwanza. Anainama, anagusa fundo kwa kidole, anahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu, nne, tano. Haya." Anavuta mkanda wa kiunoni, anafinya karabina, anatikisa helmeti. Kwa mtoto wa kumi na mbili anasimama na kusema, "Helmeti haijafungwa kidevuni." Na kweli, kamba yake inaning'inia chini ya skafu. Mimi nilikuwa nimeshamkagua huyo mtoto na kumpitisha.

Hakupanda. Wala sikumuuliza tena.

Saa 5:00 asubuhi

Ramani na dira. Wanakwenda vikundi vya wanne kutafuta vituo vinane vilivyofichwa msituni, kila kituo kina herufi, na herufi zikikamilika zinaunda neno. Kundi moja linarudi baada ya dakika tatu likilalamika kwamba dira yao ni mbovu, kaskazini inahama. Walikuwa wakiisoma wamesimama begani kwangu, karibu na redio ya upepo. Spika ya redio ina sumaku. Nawaambia wapige hatua tano mbele wajaribu tena, na kaskazini inarudi kwake.

Kabla hawajaondoka wote wamekariri sheria ya kupotea: ukiona umepotea, usitembee. Tafuta mti, ukumbatie, kaa hapo, piga filimbi mara tatu. Mtoto anayezunguka akitafuta njia huenda mbali na kule anakotafutwa, lakini anayekaa na mti wake hupatikana. Na mti ni kitu cha kushika, jambo ambalo kwa mtoto si dogo.

Saa 6:40 vikundi vimerudi. Wamechoka, wanapiga kelele zote kwa pamoja, na mimi, badala ya kuwaitisha namba, nahesabu vichwa kwa macho. Kofia za njano: 36. Naandika 36.

Binti mmoja anakuja. "Mwalimu, mwenzetu hayupo."

"Wote wapo."

"Hayupo."

Naita namba. Ishirini na mbili, ishirini na tatu, kimya. Narudia. Kimya. Sasa nani alikuwa wa 36? Nageuka na kumwona mwalimu wao, mtu mfupi, mkarimu, aliyevaa kofia ya njano ya wanafunzi kwa sababu yake ilipulizwa na upepo jana. Nimemhesabu mwalimu.

Tumbo linashuka. Lakini jambo hili lina mpango wake na mpango hautaki hofu yangu. Watoto 35 wanakaa chini mahali pamoja na mwalimu wao, mwenzangu anakwenda kwenye njia ya ziwani, maana maji huangaliwa kwanza, na mimi narudi kituo cha mwisho ambako kundi lake linakumbuka kumwona. Napiga filimbi, naita, nanyamaza nisikilize. Kule kunyamaza ndiko kugumu. Miguu inataka kukimbia, na ukikimbia husikii chochote ila pumzi zako.

Dakika tisa. Yupo hatua kama arobaini kutoka njiani, mikono miwili imezunguka mti, shavu limegandamizwa kwenye gome. Njia inaonekana kutoka pale alipo.

"Ulinisikia nikikuita?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuja?"

"Ulisema tusiondoke kwenye mti."

"Basi ungejibu."

Ananitazama kwa subira ya mtu anayeongea na mtoto. "Hukusema tujibu."

Sikusema. Alirudi kufuata kofia yake iliyonaswa na tawi, akageuka hakuwaona wenzake, akafanya neno kwa neno alilofundishwa. Filimbi yake ilikuwa shingoni mwa rafiki yake kwa sababu walibadilishana. Gome limemchora mistari shavuni. Njiani ananiuliza kama kuna zawadi ya aliyekumbatia mti muda mrefu zaidi.

Kwenye daftari la matukio naandika: "Nilihesabu kofia badala ya kuita namba. Nilimhesabu mwalimu. Sheria ya mti iongezwe: ukiitwa, itika."

Saa 8:00 mchana

Mapumziko. Wengine wanalala, wengine wanacheza karata kwa sheria zinazobadilika kila raundi. Mvulana wa hema la nane ameketi juu ya begi lake. Amelifunga tangu jana usiku, mfuko wa kulalia umo ndani, kila kitu kimo.

"Kesho asubuhi naondoka," ananiambia. Kesho wote wanaondoka, lakini jioni. Yeye anasema asubuhi.

Kuna sentensi ambayo hapa inakuja mdomoni yenyewe: "Jaribu usiku mmoja tu, ukishindwa tutampigia mama aje." Inatuliza papo hapo, na ndiyo sumu. Mtoto akishaisikia, kambi yote inageuka chumba cha kusubiri, na kila kitu anachokifanya anakipima kama kimefikia kushindwa. Kwa hiyo siahidi. Wala simwambii asiwakumbuke wa nyumbani, kwani ni wa kwake, amkumbuke nani? Nakaa chini kando yake. Baada ya muda ananieleza kuhusu mdogo wake, ambaye halali bila yeye kumwimbia. Kumbe wasiwasi wake wala si juu yake mwenyewe.

Namwomba anisaidie kupanga kuni kwa unene. Ana mkono wa mpangilio kweli.

Saa 9:30 alasiri

Ziwani. Jaketi za kuelea kwanza: nashika mabega ya kila jaketi na kuvuta juu, likipita masikio ni kubwa, badilisha. Mitumbwi iko majini dakika ishirini tu, nusu ya muda huo inazunguka palepale kwa sababu kila mtu anapiga kasia upande wa kulia, ndipo mwanga unapiga nyuma ya vilima.

Nahesabu. Nafika 24, ngurumo. Sauti husafiri kama kilomita moja kila sekunde tatu, kwa hiyo radi iko kilomita nane hivi, na kwetu chochote chini ya sekunde 30 maana yake ni kutoka majini, sasa hivi, bila mjadala. Naita namba ufukweni, kwa sauti, moja hadi 36. Mwenye kofia ya njano aliye mwalimu anajitenga pembeni mwenyewe na kuinua mkono, "Mimi sihesabiwi!"

Tunaingia kwenye jengo la kulia, si kwenye mahema. Kisha kusubiri: dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na kila inapolia tunaanza upya. Inalia mara nne. Watoto wanaigeuza mchezo, mmoja anahesabu sekunde, mwingine anagawa kwa tatu, wa tatu anachora ubaoni radi ilipo. Mwalimu wao ananiambia hawa ni walewale wanaomlilia kuhusu kugawanya. Mitumbwi hairudi majini leo.

Saa 12:45 jioni

Moto. Kuni zimelowa isipokuwa zile zilizopangwa mchana kwa unene na kufunikwa turubai, kwa hiyo kijana wa hema la nane anapewa kibiriti. Anaanza na vijiti vyembamba kama penseli, anaacha nafasi ya hewa, haharakishi. Moto unashika kwa njiti ya pili. Anatabasamu, halafu anakumbuka kwamba anaondoka, analirudisha tabasamu.

Saa 2:30 usiku

Matembezi bila tochi. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga wa tochi moja unaifuta yote, kwa hiyo tochi zimebaki kambini na watoto wanashikilia kamba moja ndefu. Dakika kumi za kwanza ni kukanyagana na kucheka kwa woga. Baadaye wanaanza kunong'ona wenyewe, bila kuambiwa.

Nawaonyesha ujanja mmoja. Chagua nyota hafifu kabisa, itazame moja kwa moja, itapotea. Sasa tazama kidogo pembeni yake: hiyo hapo. Katikati ya jicho panapenda mwanga na rangi, pembeni ndipo panapoona gizani. Mkaguzi wangu wa asubuhi anajaribu mara tatu, kisha anauliza, "Kwa hiyo iko pale hata nisipoiona?" Namjibu iko. "Sawa," anasema, na kusogea mbele kwenye kamba.

Saa 4:40 usiku

Hesabu ya mwisho siiti namba, wamelala. Nahesabu viatu. Kila hema lina kibaraza chake cha turubai, na viatu hukaa hapo vikiwa vimeinamishwa. Jozi nne kwa kila hema, viatu vinane, mara tisa, 72.

Hema la kwanza, nane. La tano, nane, na mfuko wa akiba nimeshauweka tayari mlangoni kwangu. La nane, sita.

Nafungua zipu taratibu. Vichwa vinne, namba zote zipo. Mvulana wangu amelala chali juu ya mfuko wake wa kulalia, begi kichwani kama mto, viatu miguuni, kamba zimefungwa. Harufu ya moshi imemjaa nywele. Mkononi ameshika kile kibiriti.

Nakitoa kibiriti, namfunika, viatu namwachia. Naandika 72.