Siku moja maishani mwangu: kuangalia uvimbe wa ubongo unakula nini

Saa 11:15 alfajiri

Simu inaita kabla sijavaa viatu. Ni mwenzangu wa siklotroni, mashine inayotengeneza atomi zenye mionzi: dawa ya kupigia picha imepita vipimo vya ubora na inapakiwa. Tangu hapo siku yangu yote inaongozwa na florini-18, atomi ya mionzi iliyomo kwenye dawa hiyo, ambayo kila zikipita dakika 110 nguvu yake hubaki nusu. Dozi yenye megabekereli 400 (kipimo cha nguvu ya mionzi) saa 1 asubuhi itakuwa na 200 saa 2:50, na 100 tu ikifika saa 4:40. Kwa hiyo ratiba ya wagonjwa naipanga kwa kurudi nyuma, kuanzia dakika ya sindano.

Mimi ni daktari wa tiba ya nyuklia. Wengi wanaokuja kwangu wameshatibiwa uvimbe wa ubongo, na wanachotaka kujua ni kama tiba imefanya kazi. Wagonjwa wa leo nimewabadilishia mambo machache wasitambulike. Vipimo vyao nimevieleza kama vilivyokuwa.

Saa 1:00 asubuhi

Mashine ya PET, inayopiga picha kwa kunasa mionzi ya dawa iliyo mwilini, inakaguliwa kila asubuhi kwa chanzo cha mionzi ambacho nguvu yake inajulikana. Leo imesoma sawasawa. Chai haraka haraka, kisha wodini.

Saa 2:00

Mzee amefika na binti yake. Hajala tangu usiku, nasi tunahitaji angalau saa nne bila chakula, kwa sababu asidi amino za chakula, yaani vijenzi vya protini, hushindana na dawa yetu kwenye mlango uleule wa kuingilia ubongoni. Amemaliza vipindi 30 vya mionzi, jumla grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), pamoja na vidonge vya saratani vya temozolomidi. Mpangilio huo umekuwa msingi wa kutibu glioblastoma, saratani kali ya ubongo aliyo nayo, tangu mwaka 2005. Alimaliza wiki tano zilizopita. MRI ya juzi, yaani picha ya sumaku, inaonyesha doa linalong'aa limekuwa kubwa.

Binti ameshaisoma ripoti. "Daktari, wameandika limeongezeka. Mbona mnampima tena, kama jibu tunalo?"

Nikaketi. Swali hili siwezi kulijibu nikiwa nimesimama mlangoni.

"Dada," nikamwambia, "kilichoongezeka ni mng'ao. Ile dawa ya gadolini waliyomchoma kwenye MRI hung'aa mahali ambapo ukuta unaotenganisha damu na ubongo umetoboka. Uvimbe hutoboa ukuta huo. Mionzi nayo huutoboa. Kwenye MRI yote mawili yanafanana."

Madaktari wamekuwa wakiumizwa kichwa na jambo hili kwa miaka mingi. Vigezo vya RANO vya mwaka 2010, ambavyo madaktari hutumia kupima kama tiba ya uvimbe wa ubongo imefanya kazi, viliweka wazi kwamba katika wiki 12 za kwanza baada ya mionzi, mng'ao uliokua ndani ya eneo lililopigwa mionzi hautoshi kusema ugonjwa umeendelea. Huenda ni ukuaji bandia: tishu imevimba kwa sababu ya tiba, na baada ya muda inatulia yenyewe. Ukikosea hapo unaweza kumwondoa mtu kwenye dawa inayomsaidia, au ukampeleka kufunguliwa fuvu ukakuta kovu. Na ukikosea upande wa pili, unamwacha miezi kadhaa kwenye dawa isiyomfaa, wakati miezi ndiyo asiyokuwa nayo.

Mzee alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akauliza, "Nitaumia?" Nikamwambia ni sindano moja tu, na kulala bila kutikisa kichwa kwa dakika 40. Akasema hilo analiweza.

Saa 2:50

Sindano na picha vinaanza pamoja. Kichwa kimeshikwa kwa mkanda laini, taa zimepunguzwa.

Dawa yenyewe ni FET, yaani tirosini, mojawapo ya asidi amino, iliyobandikwa florini-18. Watu huniuliza kwa nini hatutumii glukosi yenye florini, ambayo hospitali nyingi zinayo. Ni kweli saratani hula sukari kwa pupa, na Otto Warburg alilieleza hilo miaka ya 1920. Lakini ubongo nao ni mlaji mkubwa. Uzito wake ni karibu asilimia 2 ya mwili, huku ukitumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Ukipiga picha ya sukari, gamba lote la ubongo linawaka, na uvimbe unajificha ndani ya mwanga huo. Asidi amino ni tofauti. Ubongo usio na ugonjwa huchukua kidogo, ilhali seli za uvimbe hujaza milango ya LAT1 kwenye ngozi zao na kuzivuta kwa wingi, hata pale ambapo ukuta wa damu haujatoboka.

Dakika hizi 40 nazipenda kuliko saa nyingine yoyote ya kazi. Kwenye skrini mstari unachorwa polepole, ukionyesha dawa inavyoingia kwenye doa. Uvimbe mkali kwa kawaida hufika kileleni mapema, kisha mstari unashuka. Tishu iliyojeruhiwa na mionzi hupanda taratibu hadi mwisho. Nilikuwa nahesabu: dakika 10, bado unapanda. Dakika 20, bado. Niliomba moyoni, sioni haya kusema. Dakika 35, bado unapanda.

Saa 4:40

Mama mmoja, glioblastoma iliyorudi, yuko kwenye bevasizumabu. Chupa ni ileile, kwa hiyo sasa nachota ujazo maradufu nipate dozi ileile. MRI yake imependeza mno: mng'ao umenywea ndani ya wiki chache, na nyumbani wamefurahi. Mimi nina wasiwasi, kwa sababu dawa hiyo huziba mishipa inayovuja. Ikishaziba, gadolini haipiti na doa linafifia, hata kama seli zenyewe ziko palepale zikitambaa. Nikilinganisha na picha yake ya mwanzo, eneo linalovuta asidi amino kwa zaidi ya mara 1.6 ya ubongo wa upande wa pili limepanuka, na limevuka mstari wa katikati.

Nilirudia kipimo mara mbili. Halikubadilika.

Saa 6:30 mchana

Chumba cha MRI. Kijana mwenye glioma, uvimbe wa ubongo, inayokua polepole na yenye mabadiliko ya jeni liitwalo IDH. Kwake hatuchomi dawa ya mionzi. Tunatumia spektroskopia, ambapo sumaku ileile ya MRI inasoma kemikali zilizomo kwenye kipande cha ubongo cha sentimita mbili kila upande. Kila kemikali huchora kilele mahali pake kwenye mstari wa namba chini ya mchoro. NAA, inayotoka kwenye neva zenye afya, husimama kwenye 2.0. Kriatini husimama 3.0. Kolini, ambayo hupanda utando wa seli unapojengwa kwa kasi, iko 3.2. Uvimbe wa aina yake hutengeneza pia 2HG, kemikali ambayo ubongo wa kawaida karibu hauna, nayo iko 2.25. Dawa kama vorasidenibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024, huziba kimeng'enya kinachoitengeneza. Kwa hiyo kiwango cha 2HG kikishuka tunajua dawa imefika na inafanya kazi yake, hata kabla ukubwa wa uvimbe haujabadilika.

Shida ni kwamba hapo 2.25 glutamati na glutamini nazo zimejazana. Sumaku isipotulizwa vizuri, vilele vinayeyukiana. Leo kijana alikohoa katikati, na kipande chenyewe kiko karibu na mfupa. Mwenzangu mdogo alitaka tuandike namba iliyotoka kwenye kompyuta. Nikamwonyesha jinsi msingi wa mchoro ulivyopinda: "Hii namba ukiiandika, mwezi ujao mtu ataifananisha na nyingine na kubadili dawa kwa sababu ya kikohozi." Tukamwomba kijana radhi, tukarudia. Mara ya pili vilele vilisimama wima, na 2HG ilikuwa chini kuliko kabla hajaanza dawa.

Saa 9:30 alasiri

Kikao cha wataalamu: mpasuaji, daktari wa mionzi, daktari wa saratani, wa radiolojia, na mimi. Nilianza na mama. Nilipoweka picha mbili sambamba, MRI iliyofifia na PET iliyopanuka, chumba kilinyamaza. Daktari wake alisema atampigia simu mwenyewe jioni hii.

Kisha mzee. Uwiano wa juu kabisa wa doa na ubongo wa upande wa pili ni 1.7, na mstari umepanda hadi mwisho. Maoni yangu: haya yanaelekea zaidi kuwa athari za tiba. Mpasuaji akauliza nina uhakika kiasi gani. Hakika kamili sina, kwa kuwa tishu iliyovimba kwa sababu ya tiba nayo huvuta asidi amino kidogo, na seli chache za saratani zinaweza kuwamo zisionekane. Tukakubaliana aendelee na temozolomidi, asifunguliwe, na MRI irudiwe baada ya wiki nane.

Saa 11:00 jioni

Binti alikuwa bado anasubiri kwenye benchi. Nilimweleza taratibu. "Kwa hiyo amepona?" Nikamwambia hapana, sijasema hivyo, ila sababu ya kuacha dawa hatujaiona. Akainama, akashika kichwa kwa mikono miwili. Halafu akaniuliza kama baba yake anaweza kula sasa. Mzee alikuwa ameshakula tangu saa 5, muuguzi alimhudumia.

Nikarudi kuandika ripoti. Picha ya leo itakuwa na maana siku ile itakapofananishwa na nyingine, kwa hiyo mistari ya mwisho huwa naiandika mwenyewe: mashine ipi, dozi kiasi gani, alikaa saa ngapi bila kula, sindano saa 2:50, mwisho saa 3:30. Deksamethasoni, dawa ya kutuliza kuvimba kwa ubongo, miligramu 4 kwa siku. Hakuna kifafa wiki hii. Akirudi, apigwe hivihivi.