Kabali ya mfa maji

Nimedaka miaka mingi kwenye timu ya mtaani kwetu Ngamiani, kwa hiyo kukamata nakujua. Mpira wa juu unaufuata kwa viganja vilivyofunguka, vidole gumba vikaribiane nyuma yake, halafu unauvuta kifuani. Kukamatwa ndiko nilikokuwa sikujui, mpaka siku ile tulipokwenda kuoga baharini Raskazone, Tanga.

Maji yalikuwa yamejaa. Dogo mmoja wa timu yetu, mbele yangu kidogo, akanyamaza ghafla. Hakupiga kelele wala kupunga mkono kama kwenye sinema. Kichwa kimelala nyuma, mdomo unazama na kuibuka, mikono inakandamiza maji kama anayepanda ngazi. Nikamwendea kwa mbele. Kosa! Alinipanda mabegani, akanipiga kabali ambayo hata vibaka wa roba ya mbao wangeiheshimu. Nilivyozidi kumsukuma ndivyo kucha zilivyozidi kuingia.

Nikamkumbuka mzee mmoja mvuvi tuliyekuwa tukimsaidia kuvuta ngalawa. "Mwanangu, mfa maji hukamata maji. Akikushika usishindane naye huko juu. Zama. Yeye anataka hewa, chini hakufuati." Nikavuta pumzi, nusu tu, ndiyo niliyoipata. Nikabana kidevu kifuani asije akaniziba koo, nikazama. Sekunde mbili, tatu, mkono ukalegea. Nikasukuma viwiko vyake juu, nikachomoka, nikaibukia mgongoni kwake. Hapo udakaji ukanifaa: nikamdaka kwapani kwa nyuma, kisogo chake begani kwangu, nikaogelea chali hadi miguu ikagusa mchanga.

Ufukweni mjadala ukawaka. Akina mama wawili walisema ni chunusi (si zile za usoni, yule wa majini anayevuta watu miguu), na dogo mwenyewe akaapa kuwa alishikwa. Mimi nilimpapasa shavu la mguu, nikakuta gumu kama jiwe. Msuli ulikuwa umemkaza. Lakini sikubisha, nilikuwa natapika maji ya chumvi.

Siku hizi tukienda kuoga tunabeba dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, kamba mkononi. Mtu akielemewa tunamrushia, akumbatie dumu badala ya shingo ya mwenzake. Mzee alipoliona alicheka sana, akauliza kwa nini tulianza na shingo.

Alama za kucha bado ninazo chini ya sikio la kushoto. Na dogo, badala ya kunishukuru, amenibandika jina golini: Chunusi.