Kifaa cha Kumi na Moja

Bando letu la mwezi, GB 40, liliisha siku ya kumi na moja. Ilikuwa Agosti 2021, tulikuwa tunaishi Kihonda, Morogoro, na rauta yetu ya laini ya simu ilikaa juu ya kabati la vyombo sebuleni. Mwezi wa nyuma yake bando lilifika siku ya ishirini, nikasema ni katuni za watoto. Safari hii nilikasirika. Nilimwambia mke wangu kuna mtu anatuibia, na usiku uleule nikachukua daftari la mwanangu lililobakiza kurasa, nikafungua 192.168.1.1, ukurasa wa mipangilio ya rauta, kwenye laptopu na kuanza kuhesabu vifaa vilivyounganishwa.

Vifaa vilikuwa kumi na moja. Vitano vilijitambulisha vyenyewe kwa majina: laptopu yangu, runinga, printa, tableti ya kijana wetu wa kidato cha pili, na laptopu ya kazini ya mke wangu. Sita havikuwa na jina, ni anwani tu. Anwani hiyo huitwa MAC, namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao: ni tarakimu na herufi kumi na mbili zilizopangwa jozi sita, na jozi tatu za mwanzo hugawiwa watengenezaji na IEEE, taasisi ya wahandisi. Ukizitafuta, unamjua aliyetengeneza.

Anwani ya kwanza ilinipeleka kwa Espressif, kampuni ya Shanghai. Hatukuwa na kitu chenye jina hilo ndani ya nyumba. Nilizunguka vyumba vyote nikigeuza kila kitu kutazama maandishi ya chini, sikuliona. Baadaye nikasoma kwamba Espressif hutengeneza chipu za waifai ambazo wenye viwanda wengine huziweka ndani ya bidhaa zao, yaani jina unaloliona ni la chipu, si la boksi. Hapo nikaikumbuka balbu ya barazani aliyotuletea shemeji, ile ya kuwashwa kwa simu. Nilianzisha ping, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza kifaa kama kipo mtandaoni, kuelekea balbu hiyo, nikamtuma kijana azime swichi ya baraza. Majibu yakakatika. Akawasha, baada ya muda mfupi yakarudi. Nilifurahi kama niliyepata dhahabu, nikaandika kwenye daftari: balbu, baraza.

Zilizobaki zilinisumbua zaidi. Nilitafuta jozi zao za mwanzo, hakuna kampuni hata moja iliyotokea. Nilidhani nimekosea kunakili. Kumbe simu nyingi siku hizi, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14, hazitoi anwani yao ya kiwandani. Zinajitungia nyingine kwa kila mtandao, ili mtu asiweze kuzifuatilia kutoka mahali hadi mahali. Alama yake ni herufi au tarakimu ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo ni ya kutungwa. Nikazitazama zote tano. Zote zilikuwa hivyo.

Basi nikageukia watu. Niliandika majina ya watu wa nyumba na mbele ya kila jina vifaa vyake. Mimi, mke wangu, mama yangu, kijana, binti wa darasa la tatu. Nikawaomba simu mojamoja, nikafungua mipangilio ya waifai na kulinganisha anwani. Yangu, ya mke wangu, ya mama, na ile simu ya zamani ambayo binti huchezea michezo. Nne. Ikabaki moja iliyoanza na 9A na kuishia na 4E. Haikujibu ping mchana kutwa. Ilikuwa inaonekana usiku, saa nne kwenda saa tano, kisha inapotea.

Nikawaza majirani. Nikamwaza kijana wa duka la ng'ambo ya barabara ambaye niliwahi kumpa nenosiri umeme ulipokatika kwao. Mke wangu, ambaye hapendi kelele, akasema, "Baba, badilisha nenosiri. Mwenye kifaa atakuja kuliomba mwenyewe."

Nilibadilisha. Kesho yake walikuja wote. Kijana alikuja kabla hata hajapiga mswaki. Mama alikuja na simu mkononi akiuliza kama mtandao unaumwa. Wa duka hakuja. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Ile 9A haikuonekana tena na hakuna aliyeulizia. Nilikuwa na hakika kwamba nimemfukuza mwizi.

Siku ya nne, jioni, binti alikuja nilipokaa barazani. Akaniuliza, "Baba, mbona Dada hujampa? Mtoto wake anamsubiri."

Dada alikuwa binti wa Kondoa aliyetusaidia kazi za nyumbani. Alikuwa kwetu mwaka wa pili. Alilala chumba cha karibu na jiko, aliamka kabla yetu sote, na chai yangu ya asubuhi ilitoka mikononi mwake. Mtoto wake wa miaka minne alibaki kwa bibi yake kijijini. Nilifungua daftari nikatazama ule ukurasa wa watu wa nyumba. Nilikuwa nimeandika balbu ya baraza, na Dada sikumwandika.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nilipotaja simu aliacha ungo akasimama. "Kaka, naomba unisamehe, nilimwomba mdogo wangu anisaidie kuunganisha. Niliogopa kukuuliza. Nikikosa salio nashindwa kumwona mtoto." Simu aliinunua kwa mtu, kioo kimepasuka kona moja. Alisubiri sote tulale ndipo apige simu ya video, dakika ishirini, nusu saa, kwa sauti ya chini.

Nilimwambia hana kosa. Nilimwambia pia kwamba kosa ni langu, maana ndivyo ilivyokuwa. Nilifungua mipangilio, nikaiona: 9A mwanzo, 4E mwisho.

Aliyemaliza bando hakuwa yeye. Nilipokagua matumizi ya data kwenye laptopu yangu nilikuta GB 23 ndani ya siku thelathini, karibu zote zimetokana na folda ya video za harusi ya mdogo wangu iliyokuwa ikijipakia mtandaoni bila mimi kuisimamisha. Ningeanza kukagua hapo, nisingemnyima mama mtoto wake kwa siku nne. Hilo bado linaniuma.

Nilimwandikia nenosiri jipya mwenyewe. Kisha nikakaa na rauta kuvipa vifaa majina, ili siku nyingine nisihangaike. Kwenye ile anwani niliandika "simu ya Dada", nikaifuta, nikaandika jina lake analoitwa kwao. Usiku huo saa nne na robo ikatokea kwenye orodha. Kupitia ukuta wa jiko nikasikia mtoto anacheka.