Kichujio changu cha maswali ya nje ya mada: kumbe kilikuwa kinakamata wageni

Natengeneza kichujio cha kutambua maswali yasiyohusu uandishi wa programu, kwa tovuti ambako waandishi wa programu huulizana maswali. Toleo la kwanza nimelifuta lote. Lilikuwa orodha ya maneno tu: swali likitaja printa, betri au Wi-Fi, linazuiwa. Nilipolijaribu, likamzuia mtu aliyekuwa akiandika programu ya Python ya kutuma faili kwenye printa. Swali lake lilikuwa safi, lina kodi (maandishi ya programu yenyewe) na ujumbe wa hitilafu. Kisha likapitisha "ninunue kompyuta mpakato gani ya kujifunzia programu?" Neno programu limo, basi. Ilibidi nitafute njia ya kupima kile muulizaji anachotaka kusaidiwa, si vitu alivyovitaja.

Toleo la pili ni modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano: hapa, maswali yaliyokwisha kufungwa na watu, yaani kuzuiwa yasijibiwe. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu iliyoanzishwa 2008, hutoa maswali yake kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu wengine kuyatumia, kwa hiyo data ipo. Mwaka 2012 tatizo hilihili lilipelekwa Kaggle, tovuti ya mashindano ya uchambuzi wa data, kama mashindano: tabiri swali lipi litafungwa, na kwa sababu gani. "Nje ya mada" ilikuwa moja tu kati ya sababu nne. Hapo ndipo nilipoona nilivyokosea, maana nilikuwa nimeyatia maswali yote yaliyofungwa kapu moja. Swali lisiloeleweka huenda ni la programu kabisa, linahitaji kuandikwa upya tu. La printa lisilochapa linahitaji kuelekezwa kwingine, kwa mfano Super User, tovuti dada ya maswali ya matumizi ya kompyuta. Nimeyatenganisha.

Asilimia ya usahihi pia nimeacha kuitazama. Tuseme maswali ni 1000 na ya nje ya mada ni 30: kichujio kinachopitisha kila kitu kitapata usahihi wa asilimia 97 bila kukamata hata moja. Sasa natazama mambo mawili: katika yaliyokamatwa, mangapi yalistahili, na katika yaliyostahili, mangapi yamekamatwa.

Jambo lililonikalisha usiku kucha ni hili. Niliitaka modeli inionyeshe ni dalili zipi za swali inazipa uzito mkubwa, nikitarajia "kununua", "kusakinisha" na kadhalika. Juu kabisa zikakaa salamu, shukrani, na mtu kueleza kwamba ndiyo kwanza anaanza. Karibu yake, umri wa akaunti, kipimo nilichokiweka mimi mwenyewe. Modeli ilikuwa inampima mtu. Mgeni mwenye adabu na swali zuri alikuwa hatarini, huku mwenyeji akipita na swali la printa. Iliniuma, kwa sababu nilianza kazi hii nikiwafikiria hao wageni, wanaofungiwa swali lao la kwanza bila kuelewa kwa nini.

Nimeondoa umri wa akaunti na pointi alizokusanya mtumiaji, na salamu zinakatwa kabla modeli haijasoma chochote. Sasa inakamata maswali machache zaidi kuliko awali. Nimekubali, kwa sababu ninapoyasoma yaliyokamatwa naona yalistahili.

Tena haizuii. Mtu akiwa bado anaandika, inatokea sentensi moja inayotaja sababu na mahali swali linapofaa, na kitufe cha kutuma kinabaki wazi. Akituma hivyohivyo, swali linaingia kwenye foleni ya binadamu. Stack Overflow penyewe kufunga swali huhitaji kura 3 za wanachama (kabla ya 2019 zilikuwa 5), na sioni kwa nini kodi yangu ipewe mamlaka ambayo mtu mmoja wa kawaida hana.

Bado kuna maswali ya zana. Mpangilio wa kihariri cha kodi uko ndani ya mada, kwa kuwa ni zana ya waandishi wa programu. Mpangilio wa kivinjari kwa mtumiaji wa kawaida hauko. Maneno yake yanafanana mno, na modeli inayumba. Nimeyatia faili la peke yake, nayasoma moja moja na kuyawekea lebo kwa mkono kabla ya kuifunza tena.